Mifuko Saba Bila Pipa

Neville Ormerod amenipa ruhusa niseme. "Sema, Glenda," ameniambia, "na usipunguze kitu." Mimi si mtu wa kupunguza, hilo kila mtu hapa Harrowclough analijua. Basi naanza na hasira zangu kabisa, msije mkadhani nawahadithia kistaarabu: halmashauri yetu ilimwaibisha mbele ya mtaa mzima mtu aliyewazolea taka kwa miaka ishirini na tisa, na ikamwaibisha kwa sababu ya mapipa manne ya plastiki ambayo hayazidi thamani ya kochi langu kuukuu.

Neville ni jirani yangu, nyumba yake na yangu zinashirikiana ukuta mmoja. Ana miaka sabini na tatu. Alipanda gari la taka akiwa kijana, mwaka ule kiwanda cha nyuzi kilipofungwa na nusu ya mji ikabaki mikono mitupu. Enzi hizo mapipa yalikuwa ya chuma. Hukuletewa pipa barabarani. Uliingia mwenyewe uani kwa mtu, ukapambana na mbwa wake, ukalibeba begani mpaka kwenye gari, ukalirudisha. Bega lake la kulia limeshuka mpaka leo. Akivaa koti, utadhani limetundikwa kwenye msumari mmoja.

Kwa miaka yote hiyo alijua kila kitu cha watu. Alijua nani anakunywa kwa siri, nani kaachwa na mume, nani ameanza kula chakula cha paka. Hakumwambia mtu. Hata mkewe hakumwambia. Alikuwa na sheria zake mbili na hakuzivunja kamwe. Ya kwanza, ulichokiona kwenye pipa la mtu hukukiona. Ya pili, hutupi taka yako kwenye pipa la mwenzio, hata ganda la ndizi. Hiyo ya pili si yake peke yake, ni ya watu wote wa huku. Nimeshaona ndugu wa tumbo moja wakinuniana miaka minne kwa sababu ya mfuko mmoja wa kinyesi cha mbwa.

Mkewe alikuwa Avril. Jamani, Avril! Alikuwa anauza glavu na kofia kwenye duka kubwa la mjini, na hata baada ya kustaafu hakutoka kuchukua maziwa mlangoni bila rangi ya midomo. Halafu ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Akaanza kwa kusahau ufunguo, akaja kusahau sufuria jikoni, akamalizia kwa kumsahau Neville mwenyewe. Lakini kabla akili haijamtoka kabisa, alimshika mumewe mkono wakiwa mezani wanakunywa chai, akamwambia, "Siku nikishindwa kujizuia, mtu asijue. Daktari sawa. Mtaani, hapana. Niahidi." Neville akaahidi.

Siku hiyo ikafika. Nepi za watu wazima, tano kwa siku, sita siku mbaya. Sisi majirani tulikuwa hatujui lolote. Tulimwona Avril na gauni lake la bluu na midomo yake myekundu, tukasema, afadhali, kumbe bado yuko vizuri. Hiyo "bado yuko vizuri" ndiyo kitu pekee Neville alichokuwa amebaki nacho cha kumpa mkewe, na alikilinda kwa meno na kucha.

Nyumba yao ya zamani ilikuwa na ngazi, na Avril akaanguka mara mbili. Ndiyo maana wakaiuza, wakanunua hapa Lapwing Close, nyumba kumi na moja mpya za chini, hazina ngazi hata moja, zimejengwa palipokuwa malisho ya farasi. Mimi nilihamia wiki ileile. Rangi ilikuwa bado inanuka. Taa za barabarani hazijawaka, lami haijakamilika, bomba langu la jikoni linatoa maji ya moto ukifungua ya baridi. Lakini barua ya kodi ya halmashauri ilikuwa imetutangulia, imelala kwenye zulia la mlangoni inatusubiri. Kodi walijua tunakaa wapi.

Watu wa mapipa ndio hawakujua.

Neville akapiga simu. Nilikuwepo, nimekwenda kuazima bisibisi, nikasikia mwanzo mpaka mwisho maana alikuwa ameweka sauti ya juu ili mikono ibaki huru kumlisha Avril yai.

"Mapipa ya nyumba mpya hatutoi bure, mzee wangu," binti wa halmashauri akasema. "Seti moja ya manne ni pauni mia na nane."

"Nimeshalipa. Mjenzi alinikata kwenye bei ya nyumba. Karatasi ninayo mkononi, imeandikwa mapipa."

"Sisi hatujapokea kitu. Labda uongee na mjenzi."

Akaongea na mjenzi. Mjenzi akasema hela zilishakwenda halmashauri, aongee nao. Akarudi halmashauri, wakamwambia ajaze fomu kwenye kompyuta. Akajaza. Kompyuta ikamjibu kwamba anwani yake haipo.

"Mbona barua ya kodi imenifikia?" Neville akauliza.

"Hiyo ni idara nyingine, mzee wangu."

Idara nyingine! Nilitaka kuinyakua ile simu niitafune. Wiki sita walimpiga danadana namna hiyo, na mtu mwenyewe hana hata dakika tano za kukaa chini. Na msidhani ukilipa pipa linakuwa lako. Thubutu! Limechongwa kwenye kifuniko, mali ya halmashauri. Unalinunua, unaliosha, unalitoa na kuliingiza, ukihama unaliacha. Nioneshe duka jingine duniani linalouza hivyo na mwenye duka halali korokoroni.

Mimi nililipa. Sote kumi tulilipa mara ya pili, tukatukana, tukapata mapipa. Neville akakataa. Hapo na yeye alinitia hasira, sifichi.

"Lipa tu, Neville," nikamwambia. "Hela ya mboga hiyo. Ununue amani."

"Nimebeba mapipa yao miaka ishirini na tisa, dada. Nimelipa kwa hela na nimelipa kwa mgongo. Mara ya tatu wananitafutia nini?"

"Basi tia taka zako kwenye pipa langu. Mimi niko peke yangu, natoa mfuko mmoja kwa wiki."

Akanitazama utafikiri nimemwambia tukaibe benki. "Pipa lako ni lako, Glenda," akasema, akafunga mlango taratibu. Nikajua ile sheria yake ya pili. Sikujua kwamba kuna mifuko kwenye gereji yake ambayo asingeweza kunipa hata kama sheria ingemruhusu, kwa sababu mimi ningeinua kifuniko nikaona.

Mwanzoni alikuwa anaipeleka mwenyewe kwenye kituo cha taka cha nje ya mji, kwa gari lake, Avril kakaa mbele kafungwa mkanda anaimba. Halafu kituo kikaleta utaratibu mpya. Mfuko mweusi hauingii mpaka uufungue juu ya meza, mbele ya mlinzi na foleni nzima nyuma yako, uonyeshe kwamba umetenganisha karatasi na chupa. Neville alifika mpaka kwenye ile meza. Akauliza kama anaweza kufungulia pembeni. Mlinzi akamwambia kila mtu anafungulia hapa, mzee, hakuna mfalme. Akageuza gari akarudi na mifuko yake.

Akabakiwa na Dougie. Dougie ndiye dereva wa gari la taka la upande wetu, na Neville ndiye aliyemfundisha kazi miaka hiyo. Alhamisi tatu mfululizo Dougie alishuka mwenyewe, akaichukua mifuko ya Neville iliyowekwa chini bila pipa, akaitupa garini akijitia hamnazo. Lakini siku hizi magari yao yana kamera mbele, nyuma na ubavuni. Msimamizi akaona. Dougie akapewa barua ya onyo, na amri kwamba mfuko usio na pipa usiguswe.

Mifuko ikaanza kurundikana gereji, na Mei ile ilikuwa na joto la ajabu. Nilisikia harufu kupitia ukutani nikadhani panya amefia kwenye dari. Nikampigia mjenzi simu nikamporomoshea matusi ya bure, maskini, ingawa mengine alistahili.

Dougie akampigia Neville. "Wananihamishia upande wa mtoni," akamwambia. "Wiki ijayo ndiyo zamu yangu ya mwisho kwako. Toa yote uliyo nayo siku ya gari. Nitabeba, wakitaka wanifukuze."

Sasa hapa niwaambie jambo moja kuhusu mtaa wetu, maana ndilo lililotuponza. Hakuna mtu anayeisoma kalenda ya taka. Ile karatasi ina rangi nne, moja kwa kila pipa, na vinyota chini, inahitaji wakili. Kila mtu anachungulia dirishani anamwangalia mtu mmoja anayejua, akitoa la kijivu tunatoa la kijivu, akitoa la bluu tunatoa la bluu. Pale kwetu mtu huyo alikuwa Neville, hata kama yeye mwenyewe hakuwa na pipa. Alikuwa anatoka asubuhi kwenye kizingiti cha mlango na kikombe chake cha chai na kutangaza, "Kijivu leo!" na mapipa kumi yanaanza kuvingirika. Nani angebishana na mtu wa miaka ishirini na tisa?

Alhamisi ya mwisho wa Mei, saa moja asubuhi, Neville alitoa mifuko saba. Aliipanga ukingoni mwa barabara, kila mmoja umefungwa mafundo mawili juu yake na kufunikwa na mfuko wa pili. Akaingia ndani kumvalisha Avril. Sisi tukatoa mapipa yetu nyuma yake, kumi yamejipanga mstari mmoja, safi kabisa.

Na Jumatatu ya wiki ile ilikuwa sikukuu.

Sikukuu ikiangukia Jumatatu, gari la taka linasogea siku moja. Siku yetu ilikuwa Ijumaa. Zamani za Neville walifanya kazi sikukuu na siku zote, gari halikusogea, na kichwa chake kilikuwa kimejaa nepi na dawa na Avril aliyekesha anatembea. Akasahau. Na sisi kumi, tukiwa na macho na kalenda kwenye friji, tukasahau pamoja naye.

Saa tatu na nusu gari halijaja. Watu wakaanza kutoka nje, mikono kiunoni, kila mtu anamwuliza mwenzake. Gari lililokuja lilikuwa dogo, jeupe, lina nembo ya halmashauri. Akashuka mwanamume amevaa kizibao cha kung'aa, kifuani pameandikwa Hindle, afisa wa usafi. Alikuwa anapita barabara ya juu akaona mtaa mzima umetoa mapipa siku isiyo yake, akaja kutuandikia onyo. Akaona mifuko.

"Mifuko hii ya nani?"

"Iache hiyo, bwana," nikamwambia. "Gari linakuja sasa hivi."

"Gari ni kesho, mama. Jumatatu ilikuwa sikukuu."

Mtaa mzima ukaguna. Mtu mmoja akacheka, akasema, "Neville leo katuingiza mkenge!" Hindle alikuwa ameshavaa glavu.

"Mfuko bila pipa, siku isiyo ya gari," akasema. "Hii inahesabiwa kutupa taka barabarani. Lazima nipate jina la mhusika."

"Si ugonge mlango uulize? Mlango ule pale, hatua kumi! Huna mdomo?"

"Watu hukataa, mama. Utaratibu unataka ushahidi kutoka ndani ya mfuko."

Akatoa kisu. Mafundo ya Neville hayakumsaidia kitu, maana Hindle hakuyafungua, aliuchana mfuko ubavuni kutoka juu mpaka chini, mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wanne. Zikamwagika. Sihitaji kuzieleza. Harufu ikatufikia, na nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Nikaelewa panya wangu wa darini, pipa langu alilolikataa, na ule mlango uliofungwa taratibu. Uso wangu ukapata moto. Yule aliyecheka akawa anatazama viatu vyake.

Na Hindle, mwanamume mzima mwenye mama yake mahali fulani, akaendelea kupekua kwa koleo lake mpaka akapata mfuko wa karatasi wa duka la dawa. Akausoma kwa sauti, kama anayeita wanafunzi darasani.

"A. Ormerod. Nani A. Ormerod?"

"Mimi hapa," ikajibu sauti.

Avril alikuwa amesimama mlangoni kwake. Gauni la bluu, midomo myekundu, nywele zimechanwa upande mmoja tu. Neville yuko nyuma yake, chanuo mkononi. Akatoka nje polepole, anatabasamu, kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Halafu akaona kilichokuwa chini. Tabasamu likakwama. Akatutazama sote, mmoja mmoja, na mkono wake ukashuka wenyewe ukaishika sketi ya gauni kwa nyuma.

"Ni za nani hizo?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Neville? Ni za nani?"

Mwezi mzima Avril alikuwa hajalitamka jina la mumewe.

Neville akampita. Akaenda akasimama kati yake na ile mifuko.

"Zangu," akasema.

"Hapa pameandikwa A.," Hindle akasema.

"Duka la dawa waliandika wanavyojua. Nepi ni zangu. Mimi ndiye ninayejikojolea. Nina miaka sabini na tatu, mgongo umekwisha kwa kubeba mapipa ya hao waliokutuma, na najikojolea mchana na usiku. Andika. Neville Ormerod. Au unataka nivue suruali hapahapa uhakikishe? Maana utaratibu unataka ushahidi."

Akashika mkanda wake. Naapa alikuwa tayari kuufungua.

"Haina haja, mzee," Hindle akasema, na kwa mara ya kwanza akatazama chini. Lakini akaandika! Msije mkadhani aliona haya akaacha. Aliandika jina na namba ya nyumba, akachana karatasi, akampa, faini pauni mia nne. Na mkono wa Neville ukaipokea.

Avril alikuwa ameliachia gauni. Akamsogelea mumewe, akampapasa lile bega lililoshuka. "Maskini," akasema, na kila mtu akasikia. "Maskini wa watu. Mwanamume mzima."

Hapo mori ukanipanda. Nilimwambia Hindle mambo ambayo siwezi kuyarudia, na mengine nilimwambia kuhusu mama yake, ambaye hana kosa. Nikainama nikaanza kuzoa zile nepi kwa mikono yangu mitupu, nikafungua kifuniko cha pipa langu.

"Si pipa langu hilo, Glenda," Neville akaniambia kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, Neville."

Watu wawili wakaja wakainama nami. Wa namba tisa akaleta pipa lake akaliacha wazi karibu na mguu wa Hindle. Mifuko saba yote ikaingia. Ijumaa Dougie akaja, akayapandisha, kamera ikaona mapipa halali ya watu waliolipa.

Faini aliilipa. Mapipa aliyalipia vilevile siku hiyohiyo, kwa simu, na safari hii anwani ikapatikana mara moja. Yalifika baada ya siku kumi na tisa. Mjenzi hajajibu barua mpaka leo. Avril alifariki Februari iliyofuata, kwa nimonia, kitandani kwake, na halmashauri ikatuma barua kuuliza kama idadi ya wakaazi imepungua, na kama Neville bado anahitaji pipa kubwa.

Lakini ilikuwa asubuhi ya ile Ijumaa, gari likiwa limeshaondoka, ndipo Avril aliponiita pale uani, kwenye uzio. Amevaa vizuri, amejipaka rangi. Akaangalia kushoto na kulia kwanza.

"Shoga, sogea," akaninong'oneza. "Nikuambie kitu, lakini si cha kutangaza. Yule bwana ninayekaa naye."

"Ndiyo, Avril."

"Hawezi kujizuia. Ni mtu mzuri, lakini hawezi. Nimemwahidi hakuna atakayejua." Akanishika mkono, akaukaza. "Wewe ukiulizwa utasemaje?"

Hatua tatu nyuma yake Neville alikuwa anaanika mashuka. Aliacha mikono juu ya kamba, hakugeuka.

"Nitasema sijui kitu," nikamwambia.

"Vizuri," Avril akasema. "Asiaibike."